Ukiitwa “love” na mtu usiyemjua

Siku yangu ya tatu Leeds, kaskazini mwa England, nilipanda basi kwenda mjini kufungua akaunti ya benki. Ilikuwa Februari, manyunyu yale yasiyokoma, na nilikuwa nimevaa koti la kuazima lililonipwaya mabegani. Nikampa dereva noti ya pauni 20. Akaitazama, akashusha pumzi, akanihesabia chenji sarafu moja moja, kisha akanipa tiketi na kusema, “There you go, love.”

Nikaenda kukaa siti ya nyuma kabisa, moyo unanidunda. Yule alikuwa mzee wa rika la baba yangu, mvi kichwani, pete ya ndoa kidoleni. Kwetu Tanga mwanamume wa umri ule asiyekujua akikuita mpenzi wake mchana kweupe, mbele za watu, ujue kalewa au ana lake jambo. Basi lile lilikuwa na mlango mmoja tu, wa mbele, kwa hiyo kushuka ilinibidi nipite tena pale pale alipo. Nikainamisha kichwa, nikapita kimya. Nyuma yangu akashuka kijana mmoja mwenye kifua kipana na tatuu shingoni, na dereva akamuaga yeye pia kwa sauti ileile: “See you, love.”

Nikasimama kituoni huku manyunyu yananilowesha, nikilirudia neno lile kichwani. Kama kijana yule kaitwa “love” na hakugeuka hata kutazama, basi neno lenyewe lilikuwa na maana nyingine kabisa na niliyofundishwa shuleni.

Miaka imepita, na wageni wanaofika kutoka nyumbani bado wananiuliza swali lilelile, wengine wakiwa wamekasirika kwelikweli. Dada mmoja alitaka kuacha kazi ya usafi kwa sababu msimamizi wake, mama wa miaka sitini, alimwita “darling” kila asubuhi, naye akahisi anadharauliwa. Kaka mmoja alipotea upande wa pili: aliamini mhudumu wa kantini anampenda, akamnunulia manukato, na ikawa aibu kwa wote wawili. Yote hayo yangeepukika kama mtu angewaeleza mapema, ndiyo maana naandika.

Katika sehemu kubwa ya England, hasa kaskazini na katikati, “love” likisemwa na mtu usiyemjua dukani, kwenye basi au hospitalini linafanya kazi inayofanywa kwetu na “mama”, “kaka”, “anko” na “bosi”. Muuza nguo wa Kariakoo akikuita bosi wangu, wote wawili mnajua hujamwajiri. Mama mboga wa Nairobi akikuita kasta wangu, anakusogeza karibu kidogo ili maongezi yaende kwa wema. Waingereza hawana desturi ya kumwita mgeni dada au shangazi. Mahali hapo wao wameweka maneno ya mahaba.

Na sisi wenyewe tunayo maneno makubwa kuliko hayo, tunayasema bila kutetemeka. Bibi yangu alimwita kaka yangu “mume wangu” tangu akiwa na miaka minne, na mimi akaniita mke mwenzake. Kila mtu pale uani alijua huo ni utani wa bibi na wajukuu, na kwamba kwa mwanamke asiyezoea kutamka “nakupenda”, huo ndio ulikuwa mlango wake. Mzungu anayepita akatafsiriwa neno kwa neno angeshika kichwa. Sisi ndio Wazungu hao, safari hii, ndani ya basi la Leeds.

Neno lenyewe lilikotoka

“Love” ni neno la Kiingereza cha kale kabisa. Zamani hizo lilikuwa lufu, na ni ndugu wa Liebe la Kijerumani. Kumtaja mtu mwenyewe kwa neno hilo, yaani mpendwa kuwa “love” wako, ni jambo lililokuwapo tangu karne ya 13. Kutoka kwa wapenzi likaenea kwa watoto, kwa jirani, kwa mteja, na kadiri lilivyosambaa ndivyo lilivyopungua uzito, kama sarafu inayopita mikononi mwa wengi hadi chapa yake inafifia.

Sikiliza linavyotamkwa, maana hapo utajua uko wapi. London utasikia irabu iliyo karibu na a, kama “lav”. Leeds, Sheffield na Manchester irabu ni u fupi, ileile ya “ndugu”. Kaskazini ndiko walikobaki na sauti ya zamani. Kusini ilibadilika katika karne ya 17. Ndiyo maana kwenye kadi na kwenye simu utaliona limeandikwa “luv”. Hata ile o iliyomo kwenye maandishi ya kawaida haikutokana na sauti. Waandishi wa enzi za kunakili kwa unyoya waliona kwamba u ikikaa karibu na v, n au m, vijistari vyote vinafanana na msomaji anapotea, wakaandika o badala yake. “Son” na “come” yamepata o zao kwa njia hiyohiyo, na “honey” pia. Nilipolijua hilo nikaacha kujilaumu kwa nini tahajia ya Kiingereza ilinitesa darasani.

Ndugu zake “love” nao wana hadithi zinazotugusa. “Darling” limetokana na neno la kale dēorling, yaani mtu mdogo aliye “dear”. Na “dear” hadi leo lina maana mbili katika Kiingereza cha Uingereza: kipenzi, na ghali. Mama wa sokoni akisema nyanya ni “dear” wiki hii, analalamikia bei. Anayejua kwamba “azizi” wetu, na “laazizi” wa kwenye mashairi, ametoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya kitu cha thamani kisichopatikana ovyo, hatashangaa. Mtu mpendwa na kitu cha bei wamekaa nyumba moja katika lugha zote hizi.

“Honey” ni asali, na Waingereza wameitana hivyo tangu karne ya 14. Katika hadithi za mshairi wao Chaucer, mwishoni mwa karne hiyo, yumo kijana anayemwimbia mwanamke dirishani akimwita sega la asali. Nasi tuna “asali wa moyo”, na ona tulivyomfanya mtu kwa kusema wa, si ya. “Sweetheart”, moyo mtamu, ni la karne ya 13.

Ramani ya majina

Nilipohamia Nottingham nilidhani nimeshafuzu. Siku ya kwanza mwanamke wa duka la mikate akaniuliza, “You all right, duck?” Bata! Kwetu ukimwita mwanamke bata unamsema mwendo wake. Nililipa, nikatoka, nikajitazama kwenye kioo cha dirisha kuona ninatembeaje.

Eneo lote la Nottingham, Derby, Leicester hadi Stoke-on-Trent watu huitana “duck”, wanaume kwa wanawake, hata fundi bomba kwa fundi mwenzake. Salamu kamili ni “Ey up, me duck”. Wenyeji wengi watakueleza kwa fahari kwamba neno hilo lilitokana na cheo cha heshima cha kale kinachohusiana na “duke”. Ni masimulizi mazuri na usiwabishie mezani, ila wataalamu wa kamusi wanamshika bata mwenyewe, ndege, aliyeanza kuwa neno la mahaba katika karne ya 16. Shakespeare, aliyezaliwa Stratford, katikati ya nchi, alilitumia hivyo katika tamthilia yake A Midsummer Night's Dream. Kwa hiyo mama yule wa mikate alikuwa ananipa neno ambalo watu wa pande zake wamepeana kwa zaidi ya miaka 400. Siku hizi nikipita wiki bila kuitwa bata nahisi nimekaa ndani mno.

Ukienda Newcastle utaitwa “pet”, na kwa wazee pia “hinny”, ambalo ni “honey” kwa lafudhi ya kwao. Wengi wetu tunalijua “pet” kama mnyama wa nyumbani, mbwa au paka, na hapo watu huumia. Neno hili lilianzia Scotland na kaskazini ya England, na tangu mwanzo lilikuwa na maana ya mtoto anayedekezwa pamoja na mnyama aliyelelewa kwa mkono. Kipenzi, ndiyo maana yake. Glasgow mwanamke huitwa “hen”, kuku jike, na huitwa hivyo kwa huruma hasa anapoonekana kuchoka. Birmingham wana “bab”, kutoka “babe”. Mashariki mwa London wazee wana “treacle”, na njia yake ni ndefu: “sweetheart” lina vina na “treacle tart”, kitafunio cha shira, wakachukua nusu ya kwanza wakaacha ya pili.

Linalowatikisa wengi zaidi ni la Bristol, Devon na Cornwall: “my lover”. Hilo neno kwa neno ni zaidi ya mpenzi, ni hawara. Rafiki yangu kutoka Bujumbura alikuwa na mume wake kaunta ya samaki wa kukaanga, Bristol, muuzaji akamwambia mume, “There you are, my lover.” Mke akaweka chini mfuko wa chipsi akataka maelezo pale pale. Mume hakuwa nayo, maskini, hata neno hakulisikia vizuri. Mteja aliyefuata kwenye foleni, babu mwenye fimbo, akaitwa vilevile, na hapo hewa ikarudi. Kama unahamia pande hizo na mwenzi wako, mweleze mapema, kabla ya samaki.

Ujibu nini

Huhitaji kurudisha neno. “Thanks”, “cheers” au “ta”, ambalo ni asante ya haraka, vinatosha kabisa, pamoja na uso mkunjufu. Kinachosikika vibaya ni kununa, maana mwenzako amekupa salamu na wewe umemnyima jibu.

Kulitumia wewe mwenyewe ni jambo la kusubiri. Mwanamke aliyekaa Yorkshire miaka miwili mitatu, lafudhi imeanza kumkaa mdomoni, akisema “thanks, love” kwa keshia, hakuna atakayeshtuka. Mwanamume mgeni awe mwangalifu zaidi. Mzee wa pale akimwita binti “love”, watu wanasikia desturi; kijana mgeni akimwita binti huyohuyo “darling”, wanasikia jambo jingine. Haki haijakaa sawasawa hapo, najua, na inaniudhi. Lakini nawaandikia watu wanaotaka kulala kwa amani, kwa hiyo nawaambia kaka zangu: tumia jina la mtu. Jina halijawahi kumletea mtu kesi.

Wapo pia wasiopenda kuitwa hivyo, kwa sababu za dini, za heshima ya ndoa, au kwa kuwa tu neno haliwakai rohoni. Hilo ni haki yenu, na halihitaji hotuba. Mwambie mtu unayekutana naye kila siku, kwa upole: “I prefer my name.” Mara moja inatosha kwa muungwana. Dereva wa basi utakayemwona dakika mbili mwache apite.

Halafu kuna herufi x. Ukipata ujumbe wa simu kutoka kwa mfanyakazi mwenzako unaoishia “see you tomorrow x”, hiyo x ni busu. Imezoeleka kiasi kwamba shangazi anamwandikia mpwa, jirani anamwandikia jirani, na wanawake kazini hupeana x kwa ratiba ya zamu. Nimeona ndoa ya watu wetu ikitetereka kwa x moja. Mume aliikuta kwenye simu ya mkewe, akauliza mtandaoni maana yake, akajibiwa “busu”, na jibu lilikuwa sahihi. Aliyeandika alikuwa mama wa wajukuu watatu aliyekuwa akimwomba mkewe amshikie zamu ya Jumapili. Ilibidi mama yule aletwe nyumbani, anywe chai ya tangawizi, aandike x mbele ya mume kwa watu wanane kwenye simu yake, wakiwemo daktari wake wa meno na mchungaji. Mkiwa wawili, ongeeni kuhusu x mapema.

Kama unatunza wazee

Wengi wetu tunaanzia kwenye nyumba za wazee, na hapa sitaki kupita haraka, kwa sababu ndipo nilipokosea.

Nilifika kazini nimejaza maneno haya mdomoni. Niliwasikia wenzangu Waingereza wakimwita kila mzee “darling” na “sweetheart”, nikadhani huo ndio upole unaotakiwa. Kulikuwa na mama mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, miaka 88, kitabu mkononi muda wote, shanga nyeupe shingoni hata akiwa na gauni la kulalia. Nilimwambia, “Come on, darling, let's get you washed.” Akafunga kitabu, akaacha kidole katikati ya kurasa ili asipoteze alipofika. Akaniambia taratibu kwamba yeye na mimi tumejuana wiki moja, kwamba amefundisha watoto kwa miaka 41, na kwamba kila mmoja wao alimwita Mrs na jina la ukoo. Nilitamani sakafu inifunike. Mimi, niliyelelewa kutomwita mtu mzima kwa jina lake tupu, niliyepiga magoti kumwamkia bibi, nilikuwa nimemwita mama wa miaka 88 kama mtoto wa chekechea.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa kila mzee ni moja: “What would you like me to call you?” Jibu naliandika kwenye mpango wake wa matunzo ili wa zamu ya usiku naye alijue. Wengine husema jina la kwanza, wengine cheo, na wapo wanaosema niwaite “love”, ndivyo walivyozoea. Yote sawa, kwa kuwa wamechagua wao. Cheti cha msingi cha watoa huduma England kina kiwango kizima kinachohusu faragha na utu, na namna ya kumwita mtu imo humo.

Si suala la adabu pekee. Mwaka 2009 Kristine Williams na wenzake wa University of Kansas walichapisha utafiti walioufanya kwa kurekodi video wahudumu na wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mhudumu alipoongea kwa sauti ya kubembeleza kitoto, kwa “honey” na “sweetie” na “tunaoga sasa, eeh?”, wazee walikataa huduma zaidi, kwa kusukuma mikono, kulia au kugeuka, kuliko alipoongea nao kama watu wazima. Nimeliona kwa macho yangu. Mzee anaweza kusahau siku, mji na jina la mwanawe, na bado akajua kwamba anadharauliwa.

Na taja jina lako wewe. Daktari Kate Granger, alipokuwa mgonjwa wa saratani mwaka 2013, aliona wahudumu wengi wanamshika mwili bila kumwambia wao ni nani, akaanzisha kampeni ya kuwakumbusha watu wa afya waseme “Hello, my name is”. Alifariki 2016. Kwetu Waswahili hili halitupi shida, sisi hatuwezi kuanza jambo bila salamu. Ila majina yetu tunayakata ili yawaingie mdomoni. Usikate. Mwalimu mkuu yule alijifunza langu lote, silabi nne, kwa siku mbili.

Neno likigeuka

Neno lilelile likisemwa na mtu mwenye mamlaka, kwa sauti ya kukunyamazisha, linabeba kitu kingine. Mfano ulio hadharani: tarehe 27 Aprili 2011, bungeni London, Waziri Mkuu David Cameron alimwambia mbunge Angela Eagle wa upinzani, “Calm down, dear.” Yalikuwa maneno ya tangazo la biashara lililojulikana, naye alidai ni mzaha. Upinzani ulitaka aombe radhi, na nchi nzima ikajadili neno lenye herufi nne. Hakuna aliyehitaji kamusi kujua kwamba “dear” ile haikuwa ya kubembeleza.

Kwa hiyo angalia nani anaitwa hivyo. Msimamizi akiwaita wote “love”, wanaume kwa wanawake, weupe kwa weusi, hiyo ni desturi yake. Akiwaita wenzako kwa majina na wewe peke yako “darling”, au neno likiambatana na mkono begani, macho yanayoshuka, maswali ya nani unalala naye, hayo ni mengine. Sheria ya usawa ya 2010, inayotumika England, Scotland na Wales, inatazama mwenendo usiotakiwa unaohusiana na jinsia, rangi, dini au umri, au wenye sura ya kingono, unaovunja utu wa mtu au kumfanyia mazingira ya udhalilishaji. Haitazami nia ya msemaji tu, inatazama pia matokeo kwako. Na tangu tarehe 26 Oktoba 2024 mwajiri ana wajibu wa kuchukua hatua za kuzuia udhalilishaji wa kingono kabla haujatokea.

Andika tarehe, saa, maneno yenyewe kwa Kiingereza kama yalivyosemwa, na nani alikuwepo. Tumia daftari la nyumbani au barua pepe yako binafsi, usitegemee simu ya kazini. Chama cha wafanyakazi kitakusaidia, na Acas, shirika la masuala ya kazi, hutoa ushauri wa bure kwa simu. Usikawie, kwa sababu muda wa kwenda kwenye baraza la kazi ni mfupi. Viza yako kufungamana na mwajiri kusikufanye unyamaze bila kuuliza. Uliza kwanza, uamue ukiwa unajua.

Waliopo Marekani

Huko ramani ni nyingine. Baltimore wana “hon”, kifupi cha “honey”, na mtaa wa Hampden umelifanyia tamasha tangu 1994. Kusini mhudumu wa mgahawa atakuita “honey”, “sugar” au “baby” huku anakumiminia chai ya barafu, na dakika hiyohiyo mtoto wake atakuitikia “yes, ma'am”. Tabasamu, shukuru, acha bakshishi.

Lakini kwa wazee Wamarekani weusi jihadharini kuliko mahali pengine popote, hasa mkiwa wahudumu. Enzi za ubaguzi, Wazungu wa kusini waliwanyima watu weusi Mr na Mrs, wakawaita kwa jina tupu, au “boy”, au “auntie”, hata mahakamani. Mwaka 1963, huko Gadsden, Alabama, mwanaharakati Mary Hamilton alikataa kujibu maswali ya mwendesha mashtaka hadi aitwe Miss Hamilton. Jaji akamtia hatiani, faini ya dola 50 na siku 5 jela. Mwaka 1964 Mahakama Kuu ya Marekani ikaitengua hukumu hiyo. Mama wa Alabama mwenye miaka 85 leo alikuwa binti wakati hayo yanatokea. Ukiingia chumbani kwake na “honey” kabla hajakuruhusu, hujui unagusa kidonda gani. Mwite Mrs na jina la ukoo hadi atakapokwambia vingine.

Kwa udhalilishaji kazini, sheria ya haki za kiraia ya 1964 inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi, na malalamiko hupelekwa kwa EEOC, tume ya serikali ya usawa kazini, ndani ya siku 180, au 300 katika majimbo yenye wakala wake.

Jambo moja dogo kuhusu barua pepe, pande zote mbili za bahari. “Dear” mwanzoni mwa barua ni kama “Ndugu” yetu ya ofisini, iandikeni bila hofu hata kwa mwenye nyumba anayewadai. Ila “Thanks dear” na “Noted dear”, tunavyoandikiana Nairobi na Dar, zikimfikia meneja wa Uingereza au Marekani zinasikika kama unampapasa kichwa. Andika “Thanks” na jina lake.

Nyumbani

Mwanangu amezaliwa Nottingham, ana miaka sita. Kila simu anaikata kwa “love you”, kama wenzake darasani, hata kwa bibi yake Tanga. Mama yangu hakuwahi kuambiwa hivyo na mama yake, wala mimi sikuwahi kumwambia. Mara ya kwanza alikaa kimya, nikadhani mtandao umekata, kumbe alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga.

Jumapili iliyopita alikuwa na jibu tayari. “Haya mume wangu,” alimwambia, “lala salama, na huyo mama yako umwambie akupikie.” Mtoto akanigeukia, simu bado mkononi, uso umekunjamana. Kwa nini bibi anasema yeye ni mume wake?

Nikamwuliza, yule mama wa duka la mikate hukuita nani?

“Duck,” akasema.

Na wewe ni bata?

Akafikiri kidogo, akarudisha simu sikioni. “Bibi,” akaita, “bado upo?”